Mawese kwenye Injini ya Mama Athanasie

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Injini imefika. Imetoka Kampala juu ya lori, imepita Rutshuru kwenye matope, na sasa imekaa katikati ya depo ya Mama Athanasie, karibu na bandari. Ni kubwa kuliko jiko letu la nyumbani, mtaa wa Katoyi. Wanaume wote wa depo waliizunguka mikono nyuma, kama waliokuja kuaga maiti ya tajiri.

Mama Athanasie ni bosi wangu. Mtu wa Butembo, mjane, mfanyabiashara, hacheki ovyo. Meli yake ya zamani imechoka, na mimi nimechoka nayo. Miaka yote hii mimi ni msaidizi wa fundi tu. Kazi yangu kubwa ni kutoa maji yanayoingia chini, na kesho yake yanaingia tena. Meli mpya inajengwa Bukavu, na injini hii ni yake. Jumamosi inavuka ziwa. Kisha itakaa ufukweni huko msimu wote wa mvua, ikingoja meli ikamilike.

Kwa hiyo bosi akauliza: nani anajua kuandaa injini kubwa namna hii, isafiri salama na isishike kutu? Nikasema mimi.

Sijawahi. Niliona ikifanywa mara moja, Kalemie, kwa mbali, nikiwa nakula samaki. Lakini meli ya zamani ikishakatwa na kuuzwa vyuma, si watu wake wote watakaopata nafasi kwenye mpya. Na fundi mkuu wa meli mpya atakuwa na chumba chake, chenye kitanda. Mgongo wangu unakiona kitanda hicho hata nikifumba macho.

Shida ni moja. Nimepewa Benny anisaidie. Benny ni mtoto wa mdogo wake Mama Athanasie, fundi wa malori, mwanaume mzima mwenye ndevu. Ana simu ambayo kioo chake hakijapasuka, na ananiita Papa Nasoro kwa heshima kubwa mno. Mtu anayekuheshimu kiasi hicho kuna kitu anataka.

Nilimweleza mke wangu Ramla habari zote. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi hiyo. Nikasema nimeiona. Akasema hata yeye mwezi ameuona. Nikaenda kulala.

Jumanne, tarehe 7

Kazi ya kwanza ni kutoa maji na mafuta ya zamani yaliyobaki ndani. Hilo nilikuwa nalijua. Benny akasema tutafute kwanza mabidoni, madumu ya kukingia, ya kutosha. Nikamwambia injini imekuja kavu kutoka Kampala, beseni moja linatosha. Nikafungua kizibo.

Haikuwa kavu. Beseni likajaa. Kizibo kilikuwa kimeniponyoka, kwa hiyo nikaweka kidole. Kidole hakikutosha. Mafuta meusi yakatembea juu ya mawe meusi ya volkano, na hakuna aliyeyaona mpaka muzee Munguakonkwa, mlinzi wetu, alipoyakanyaga. Alianguka polepole, kama mtu aliyeamua kukaa. Hakunitukana. Aliniuliza tu, akiwa bado chini:

"Papa Nasoro, hii kazi ulisomeaka wapi?"

Nikamwambia Kalemie.

Jioni Benny alileta mabidoni kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, akakinga yaliyobaki, akamwaga mchanga juu ya yale yaliyomwagika. Hakusema neno. Ni kimya cha kunidharau, ndiyo maana nakiandika.

Jumatano, tarehe 8

Mama Athanasie amemtuma Benny sokoni Birere kutafuta grisi ya kuzuia kutu, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio. Aliondoka asubuhi. Nikabaki na mawazo. Grisi ikiletwa na Benny, injini imeokolewa na Benny. Lazima arudi akute kazi imekwisha.

Bibi yangu, mtu wa Kasongo, alikuwa akipaka mapanga yake mafuta ya mawese, na sikumbuki panga lenye kutu nyumbani kwake. Chuma ni chuma. Nikachukua bidoni ya mawese ya nyumbani, nikayachemsha na mishumaa yakawa mazito, nikapaka kila mahali palipong'aa. Injini ikawa nyekundu, inapendeza. Harufu ilikuwa ya jikoni, lakini meli haina pua.

Vifuko navyo nikavipatia njia. Baba aliweka punje za mchele kwenye chumvi isigandamane, maana mchele unanyonya unyevu. Nikajaza mchele wa Ramla kwenye soksi zangu zote, nikazifunga, nikazining'iniza kila upande. Juu yake nikazungusha plastiki.

Benny alirudi na ndoo ya grisi kichwani na mfuko wa vile vifuko. Alizunguka injini, akanusa, akauliza taratibu kama hayo ni mawese. Nikajibu kwamba ni mchanganyiko. Akasema ameona kwenye simu kuwa matundu yote yanazibwa kwanza, hasa mdomo wa bomba la moshi, ambao kwenye hii ni mpana kama sufuria ya bugali. Nikamwambia matundu ni ya kesho.

Mama Athanasie naye alipita. Aliona plastiki inang'aa, hakukaribia, akasema, "Sawa, Nasoro." Mwaka huu hajapata kuniambia maneno mengi kiasi hicho.

Nyumbani, Ramla alitafuta mchele. Nikasema labda panya.

Alhamisi, tarehe 9

Nilisema panya, panya wamekuja.

Muzee Munguakonkwa alinipokea getini akiwa ameshika kiuno. Alisema wameanza kufika alfajiri, wametoka kwenye maghala, wametoka sokoni, wengine na watoto wao. "Hata ku kilio batu habakuyake bengi vile," alisema, kana kwamba panya ni watu wa msiba. Plastiki imetafunwa. Soksi zimetobolewa. Nilipowafikiria walivyoipokea injini yetu niliwaelewa: mchele upo, mawese yapo. Ilikosa mboga ya sombe tu.

Benny alishauri tuvue kila kitu, tuoshe, tuanze upya na grisi. Huo ni ushauri wa mtu anayetaka bosi aje akute injini iko uchi na mimi nimesimama kando yake. Nikakataa. Alipokwenda kwa seremala kutafuta mbao, nilipanda pikipiki mpaka Katoyi, nikamchukua paka wa Ramla.

Paka huyu anaitwa Shangazi. Ramla alimpa jina hilo kwa sababu anamwangalia mtu kama shangazi yake aliyeko Kindu: kuanzia miguuni, bila kuridhika. Nilimleta ndani ya mfuko wa unga, nikamwingiza chini ya plastiki, na panya wakatawanyika. Nikala chakula cha mchana kwa amani kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikasinzia kidogo.

Nilipoamka Shangazi hayupo. Nikajua amerudi nyumbani. Paka anajua njia. Benny alikuwa amesharudi, na bila kunisubiri alikuwa amechonga vizibo vya mbao na kuziba matundu yote kwa matambara, pamoja na mdomo wa bomba la moshi. Nilimkemea kwa kutonisubiri. Habari ya paka sikumwambia. Si lazima ajue kila kitu.

Ijumaa, tarehe 10

Naandika hii nikiwa nimelala kifudifudi, mgongo haukubali vinginevyo.

Nilitoka kuswali nikakuta depo imejaa. Mama Athanasie alikuwa amemleta Abbé, padri wa parokia yao, kubariki injini kabla haijaingia majini. Kulikuwa na akina mama wa kwaya, ndugu zake kutoka Butembo, maji ya baraka kwenye ndoo mpya. Mimi nilisimama mbele, kama fundi. Benny alisimama nyuma, mahali pake.

Abbé alinyunyiza maji upande wa kulia. Akanyunyiza upande wa kushoto, na injini ikalia.

Haikuwa sauti ya chuma. Ilikuwa nyembamba, ya mtu mwenye njaa. Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Abbé akangoja, akanyunyiza tena, injini ikalia tena, safari hii kwa kirefu.

Mama Athanasie akanigeukia. "Nasoro, iko nini mule ndani?"

Nikamwambia ni hewa. Injini ikiwa inapoa hutoa hewa.

"Hii moteur haiyawaka tangu Kampala. Iko napoa ya nini?"

Nilitegemea atanigombeza. Hakunigombeza. Alikaa juu ya gogo, akavua viatu, akasema kwa sauti ndogo kwamba mume wake alizama kwenye ziwa hili, wote tunajua, na kwamba hawezi kuweka watoto wa watu juu ya moteur yenye kulia kama mtu. Kama ni hivyo, irudi ilikotoka, na meli isimame. Alisema hivyo akiangalia miguu yake. Mama mmoja wa kwaya akaja akamshika bega.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lenyewe ni fupi. Nilikuwa nimeshaelewa tangu mlio wa kwanza. Nilifungua mdomo, nikamwangalia yule mama aliyekaa bila viatu, nikasema huenda ni unyevu.

Ndipo Ramla akaingia getini, vumbi mpaka kwenye kitenge. Alikuwa amezunguka mtaa wetu wote, akaja kuniuliza kama nimemwona paka. Alipoona watu wengi alisimama, lakini mdomo ulikuwa umezoea kuita tangu asubuhi.

"Shangazi! Uko wapi, Shangazi?"

Injini ikamjibu.

Wa kwaya wakafanya ishara ya msalaba wote pamoja. Ramla alikuja moja kwa moja, akaweka sikio kwenye bomba, akageuka. Hakuwa na haja ya kutafuta. "Baba Furaha," alisema, akiniita kwa jina la binti yetu, "nani aliingiza Shangazi mule?" Ilibidi nianze kuwaeleza watu wa Mungu kwamba Shangazi ni paka.

Benny aling'oa kizibo. Ramla akaomba sambaza za muzee Munguakonkwa, vile visamaki vya ziwani, chakula chake cha mchana, akazipanga kwenye mdomo wa bomba. Tukangoja. Paka aliyeingia mweupe akatoka mweusi, akakaa mbele ya Abbé, akala sambaza zote. Abbé akamaliza baraka yake, kwa kuwa maji yalikuwa yamebaki.

Mama Athanasie akavaa viatu. Akaja akanusa injini. Akavuta soksi moja, mchele ukamwagikia kiganjani mwake. Akauangalia. "Nasoro," alisema. Jina tu.

Benny akasogea. "Mama mukubwa, tulikosea sisi wote wawili. Leo leo tunasafisha."

Wote wawili. Mtu anayejigawia kosa lako leo, kesho atadai nusu ya sifa zako.

Tulisafisha. Tulitoa mawese kwa mazuti, yaani dizeli, na matambara mpaka vidole vikavimba. Tulipaka grisi. Benny alimimina mafuta mapya ndani ya silinda, moja moja, kisha tukaizungusha injini kwa nondo, polepole, yaenee kote. Hapo ndipo mgongo wangu ulipoaga. Tukaweka vile vifuko halisi, plastiki safi safu mbili, vizibo, na turubai juu, tukiacha uwazi chini ili ipumue. Mimi nilitaka kufunga mpaka chini. Benny alisema jasho litabaki ndani, kutu iingie.

Tukiwa tunafunga kamba alinong'ona: "Papa Nasoro, miye naogopa maji. Ile kazi ya bateau siitaki. Nataka garage yangu Butembo, njo basi."

Nimesikia hila nyingi maishani mwangu. Hii ni ya juu kabisa.

Jumamosi, tarehe 11

Nilifika bandarini mapema na mfuko wangu: shati, mswaki, mkeka wa kuswalia, sweta ya ziwani. Injini haisafiri peke yake. Lazima mtu aisindikize, na anayeisindikiza ndiye atakayeipokea, na anayeipokea ndiye atakayeifunga kwenye meli. Nimeipiga hesabu hiyo wiki nzima.

Wakati wa kuinua niliwaambia watu wa palani, ile winchi ya bandari, wapitishe mnyororo kwenye bomba, maana lilikuwa karibu. Wakacheka, wakafunga kwenye pete zake za kuinulia. Ikapanda vizuri, ikashuka vizuri kwenye meli ya mizigo. Wakaikaza kwa minyororo pande zote, imepishana, hata ziwa likichafuka mchana isisogee.

Nikachukua mfuko wangu. Mama Athanasie akanishika mkono, si kwa hasira, akanivuta kando. Akasema kazi ya usaidizi ninayo, hata kwenye meli mpya, hajawahi kumfukuza mtu aliyezeeka naye. Nilianza kumshukuru. Akaendelea kwamba atakayekwenda na injini ni Ramla. Ramla anauza vitenge Bukavu, dada yake anaishi nyuma ya uwanja itakapowekwa, anawajua watu wa kule.

Nikauliza Ramla anajua nini kuhusu injini.

"Nataka mutu mwenye akiona kitu, anasema kile ameona," alinijibu.

Ramla hakuwa amejiandaa. Akachukua mfuko wangu, kwa kuwa ulikuwa tayari. Kisha Mama Athanasie akasema kule Bukavu nako kuna panya, ikabidi Shangazi naye aende. Nilisimama kwenye ukingo nikaona nafasi zinagawanywa. Paka alipata.

Meli ilipoachia kamba, Ramla aliniambia nile vizuri. Ningemjibu kitu, lakini honi ilipigwa.

Jumatatu, tarehe 13

Ramla amepiga simu. Injini imefika. Wamefungua turubai kuangalia: kavu, hakuna hata tone. Mama Athanasie ameridhika. Ramla atabaki huko mpaka waijengee kibanda, kisha atauza vitenge kidogo. Dada yake amefurahi. Shangazi ananenepa.

Hapa nyumba ni kubwa. Binti yetu Furaha aliolewa Kindu siku nyingi, na sikuwahi kugundua kwamba kelele zote za nyumba hii ni za mtu mmoja na paka. Jana nilisonga bugali, ikawa na mabonge. Leo nilisonga tena, ikawa maji. Nilikula nimesimama.

Nilitaka kumwambia arudi. Nilitaka kusema hivyo hivyo, kwamba nyumba imekuwa baridi. Lakini mtu wa umri wangu hasemi hivyo kwenye simu, kwa hiyo nilimwambia nina malaria. Nikalegeza sauti. Akauliza kama nina homa. Nikasema kali. Kisha nikasikia anavuta pumzi kwa kukatika-katika. Nadhani alikuwa analia. Dada yake naye alikuwa analia, nilimsikia kwa nyuma akipiga meza.

Akaniambia nisitoke kitandani, anashughulikia. Nimeweka simu chini nikiwa na amani. Kesho atapanda meli.

Jumanne, tarehe 14

Mlango uligongwa asubuhi. Nilijifunika blanketi mpaka kidevuni, nikakohoa, nikasema pita.

Ni Benny. Ana godoro kichwani, bidoni ya maji, thermos ya uji na mfuko wa dawa. Ramla amempigia Mama Athanasie, na Mama Athanasie amempa Benny ruhusa aje anitunze mpaka nipone. Ametandika sebuleni. Ameosha vyombo vyangu vyote. Amenipa vidonge vichungu, akasimama mpaka akaona nimemeza. Ameweka kitambaa cha maji kwenye paji langu la uso, akasema haoni homa, lakini kuna homa nyingine zinajificha ndani ya mifupa ya wazee, hizo ndizo mbaya.

Uji wake ni mzuri, siwezi kudanganya. Tulikunywa pamoja. Alinieleza kuhusu garage ya Butembo, mahali atakapoweka mlango. Kwa muda mfupi nilisahau kukohoa. Kisha nikakumbuka ni nani huyu na anatafuta nini.

Jioni alinipa simu niongee na Ramla. Ramla akasema moyo wake umetulia, na kwa kuwa niko mikononi mwa mtu mzuri, ameamua kukaa Bukavu mpaka mwisho wa mwezi. Benny akachukua simu, akamwambia asijali, kesho asubuhi anamleta infirmière, muuguzi wa kike, na sindano.

Nimefikiri kwa makini. Kosa langu lilikuwa kuchagua malaria, ugonjwa ambao kila mtu ana dawa yake. Kesho, kabla infirmière hajafika, nitaanza kuumwa kitu ambacho hakijulikani.